Naombeni ushauri: nimealikwa kupanda Ben Nevis mwezi wa pili, Kilimanjaro nilishapanda. Inatosha?

Mtoto_wa_Pangani:
Wakuu, habari za humu. Niko Glasgow, Scotland, kimasomo. Wenzangu wanne wa chuo wamepanga kupanda Ben Nevis wikiendi ya katikati ya Februari na wamenikaribisha. Kilimanjaro nilifika Uhuru kwa njia ya Machame, kwa hiyo mlima na baridi si vitu vigeni kwangu. Na huu wa kwao una mita 1,345 tu, hata geti la Machame liko juu zaidi.

Sasa tatizo. Mwanzoni tuliongelea njia ya kawaida ya kutembea, inayoanzia Glen Nevis. Juzi mmoja wao, ambaye ndiye mzoefu, akasema hiyo inachosha, tupande upande wa kaskazini kupitia korongo linaitwa Number Four Gully, eti ni jepesi. Nikamuuliza habari ya maporomoko ya theluji. Akasema kuna taarifa inatolewa kila siku, ikisoma 3 kati ya 5 ni wastani, tunapanda. Moyo umekataa ila sitaki kuonekana mwoga. Aliyewahi kupanda huko wakati wa baridi anisaidie. Nawasilisha.

Kisamvu_cha_Nazi:
Mkuu, umetoka Pangani kwenye madafu unaenda kujifungia kwenye friji kwa hiari yako? Ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa pale nasoma.

Mguu_Chuma:
Nipo Marangu, nilianza na ugumu (kubeba mizigo), sasa naongoza wageni. Mdogo wangu, nikwambie ukweli: Kili haikukufundisha theluji. Begi ulibebewa, chakula ulipikiwa, na usiku ule wa kwenda Stella Point ulikuwa unakanyaga changarawe iliyoganda huku ukiangalia visigino vya guide. Kinachotuulia watu huku ni mwinuko, maji yanajaa kwenye mapafu au ubongo unavimba. Kingine ni mawe. Januari 2006 kule Western Breach mawe yaliachia yakaua Wamarekani watatu, na walikuwa na waongozaji wanaoijua njia.

Ben Nevis unaanzia karibu na usawa wa bahari, kichwa hakitakuuma hata kidogo. Hapo ndipo utakapojiona uko salama.

Wa_Nyeri_Inverness:
Kijana wangu, mimi ni Mkenya, nimeolewa huku, na msimu wa baridi nikipata nafasi niko mlimani. Umechanganya safari mbili tofauti, ngoja nizitenganishe.

Kwanza hiyo namba 3. Mwenzako anaisoma kama maksi za mtihani. Kwenye kipimo chao wastani ni namba 2. Namba 3 iko juu ya hapo, na maana yake ni kwamba kwenye miteremko mikali uzito wa mtu mmoja tu unaweza kutosha kuiachia theluji. Ngazi zenyewe hazipandi kwa hatua zinazolingana. Kule Alps karibu nusu ya wanaokufa kwa maporomoko hufa siku za namba 3, maana siku za namba 4 wengi hubaki chini wanakunywa chai.

Taarifa hutolewa na Scottish Avalanche Information Service, nawe utasoma ya eneo la Lochaber, uliko Ben Nevis. Hutoka jioni kwa ajili ya kesho yake. Usiangalie namba peke yake. Kuna mchoro wa duara wenye kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, umepakwa rangi kuonyesha hatari iko upande gani na kuanzia mita ngapi. Siku hiyohiyo upande wa kusini unaweza kuwa 1 na wa kaskazini-mashariki ukawa 3.

Kwa nini kaskazini-mashariki? Upepo. Huku upepo mwingi hutoka kusini-magharibi. Unafagia theluji yote ya juu kileleni na kuimwaga upande wa pili, kwenye makorongo, na Number Four iko huko huko. Inaweza isidondoke theluji mpya siku mbili nzima, jua linawaka, na bado korongo linaendelea kujaa. Theluji hiyo ya upepo hushikana ikawa bamba moja juu ya tabaka lisiloishika vizuri. Ukiikanyaga inalia chini ya buti na kukatika vipande vyenye pembe, si unga. Ukiona ufa unakimbia kutoka mguuni kwako, geuka. Usisubiri kura ipigwe.

Ni kweli Number Four ni rahisi kwa wanaopanda barafu, wengi huitumia kushukia. Urahisi huo ni wa kupanda tu. Miteremko ya digrii 30 hadi 45 ndiyo inayoachia zaidi, na makorongo mepesi yako humo humo. Juu kabisa kunakuwa na ukingo wa theluji unaoning'inia hewani, nao hukatika.

Mtu akifukiwa, nafasi yake ya kuishi huporomoka baada ya dakika kumi, kumi na tano hivi. Lochaber Mountain Rescue ni watu wa kujitolea na hawatozi hata senti, lakini hawawezi kufika kwa dakika hizo. Na kwenye korongo wengi hata hawafikii kukosa hewa, miamba inawamaliza kabla. Tarehe 12 Machi 2019, Number Five Gully, jirani kabisa na hiyo yenu, walikufa watatu. Januari 2013 walikufa wanne Glencoe kwenye mlima Bidean nam Bian, na hao walikuwa wanashuka tu.

Korongo, hapana. Njia ya kawaida tunaweza kuzungumza.

Jembe_la_Mbeya:
Mnamtisha dogo bure. Shemeji yangu alipanda huo huo mlima na raba miguuni, alikutana na watoto na mbwa kileleni.

Mguu_Chuma:
Mwezi gani?

Jembe_la_Mbeya:
Wa saba.

Kisamvu_cha_Nazi:
😂😂 Kesi imefungwa.

Wa_Nyeri_Inverness:
Julai hata mimi nimempeleka mama mkwe. Februari njia yote ya juu imefunikwa, hakuna alama ya kufuata zaidi ya marundo ya mawe, nayo ukungu ukishuka huyaoni. Ardhi nyeupe, mbingu nyeupe, hujui unapanda au unashuka. Kileleni kuna magofu ya kituo cha hali ya hewa kilichofanya kazi 1883 hadi 1904. Karibu nayo kuna nguzo ya wapima ramani, na kutoka hapo unashuka kwa dira: digrii 231 za ramani kwa mita 150, halafu digrii 282. Ukikosea upande mmoja unaingia Gardyloo Gully, ukikosea wa pili ni Five Finger Gully, ambako watu wengi wamekufa. Mwulizeni huyo mzoefu awatajie namba hizo, na awaonyeshe anavyohesabu hatua mita 150 zitimie. Akicheka, mmepata jibu.

Jambo lingine ni muda. Kwenda na kurudi kiangazi ni saa saba hadi tisa, kwenye theluji ni zaidi, na katikati ya Februari jua linazama saa kumi na moja na kitu jioni. Taa ya kichwani na betri za akiba, kila mtu na yake.

Mtoto_wa_Pangani:
Asanteni sana, dada wa Inverness ubarikiwe. Maswali mawili. Buti zangu za Kili zinafaa? Na nikitaka kuwaambia hawa wenzangu nianzie wapi bila kuharibu urafiki?

Mguu_Chuma:
Kama ni zile za kujikunja, kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) itachomoka. Pinda soli kwa mikono miwili, ikikubali kirahisi hiyo si buti ya kazi hiyo.

Wa_Nyeri_Inverness:
Sahihi. Mwambie wa dukani unataka buti ngumu za B2 na kramponi za C2, atakuelewa. Shoka la barafu pia, na ujifunze kujizuia nalo ukiteleza: mnajirusha mara nyingi kwenye kimteremko kifupi ambacho mwisho wake ni tambarare, hadi mwili ukumbuke wenyewe. Glenmore Lodge, karibu na Aviemore, wanafundisha hayo yote. Au changeni mkodi mwongozaji mwenye cheti cha Winter Mountain Leader. Mkiwa watano si mzigo mkubwa. Kumbuka tu cheti hicho ni cha kutembea mlimani, hakihusu makorongo ya kamba.

Kwa wenzako, usianze na "naogopa". Fungua taarifa ya jioni hiyo mezani, muulize kila mmoja hatari iko upande gani na Number Four inaangalia wapi. Watajijibu.

Mtoto_wa_Pangani:
Mrejesho, wakuu. Jana tumekaa. Nimefanya kama dada alivyosema, wawili wakapumua kabisa, kumbe nao walikuwa wanakufa na tai shingoni. Korongo tumefuta. Tutapanda njia ya kawaida hadi kile kiziwa cha Halfway Lochan, kama mita 570, tufanye mazoezi ya shoka maeneo ya hapo na kurudi. Kilele tumekiachia mwezi wa tano. Mzoefu amenuna, anasema atatafuta mtu mwingine wa kufungana naye kamba. Swali la mwisho: vifaa tukodi Glasgow au Fort William?

Wa_Nyeri_Inverness:
Popote, ila msingoje Jumamosi asubuhi, pigeni simu mapema wawawekee. Nenda na soksi utakazopandia. Ukishavaa buti, ingiza kramponi bila kufunga mkanda, inua mguu utikise. Ikidondoka, warekebishe urefu pale pale au wakupe nyingine. Na mwachieni mtu wa Glasgow njia yenu na saa ya kurudi. Mkipata shida ni 999, ombeni polisi, halafu Mountain Rescue.