Mrejesho: mafungu ya 8 na michoro ya Young

Salamu kutoka Mombasa. Lile swali langu limepata jibu. Niliuliza kwa nini 8 ina njia 10 za kugawanywa (yaani kuandikwa kama jumla ya namba nzima chanya, bila kujali mpangilio) katika mafungu yasiyozidi matatu, na tena njia 10 pale ambapo hakuna fungu linalozidi 3. Mkaniambia nichore michoro ya Young, ambapo kila fungu ni safu ya vyumba.

Tumechora na vijana wangu wa tuisheni hapa Kisauni, kwenye daftari la miraba. 5+2+1 ni safu ya vyumba vitano, chini yake viwili, chini kabisa kimoja, zote zimeanzia kushoto. Sasa hesabu kwa kushuka: 3, 2, 1, 1, 1. Safu zimegeuka nguzo na jumla ni ileile. Kila mchoro una pacha wake wa namna hii, kwa hiyo hesabu mbili hazina budi kulingana. Uthibitisho ndio huo, bila aljebra hata mstari mmoja!

Kilichoniteka zaidi ni michoro ambayo ukiigeuza haibadiliki. Kwa 8 iko miwili tu: 4+2+1+1 na 3+3+2. Ibandue pembe baada ya pembe (pembe ni safu ya juu pamoja na nguzo ya kushoto), kuanzia chumba cha juu kushoto, na uhesabu vyumba vya kila pembe: wa kwanza unatoa 7+1, wa pili 5+3. Namba witiri tupu, zisizojirudia, na 8 haina njia nyingine ya aina hiyo. Kijana mmoja alijaribu 9 mwenyewe, akapata 9 na 5+3+1. Nilifurahi mno.

Sasa niko kwenye fomula ya wanahisabati Hardy na Ramanujan ya 1918, inayokadiria idadi ya njia za kugawanya namba, kwani 100 peke yake ina njia 190,569,292. Mwenye maelezo yake mepesi, nayasubiri.