Mbunge huru: nitajuaje kama anafanya kazi bungeni?

Mfuatiliaji: Nachambua utendakazi wa mbunge huru katika Bunge la Taifa, Kenya. Mzalendo, shirika linalofuatilia kazi za bunge, wana idadi ya mara alizozungumza. Je, hiyo inatosha? Na kwa kuwa hana chama wala kiranja (msimamizi wa wabunge wa chama), kwenye kamati anaingiaje?

Karani wa Zamu: Kamati hupangwa na Kamati ya Uteuzi ikishauriana na vyama vya bunge, yaani chama au muungano wenye angalau asilimia 5 ya wabunge. Kwa viti 349, hao ni wabunge 18. Asiye na chama hupangwa na Kamati ya Uteuzi yenyewe, na kamati zinazogombewa huwa zimeshagawanwa na wakubwa. Ndiyo maana baada ya uchaguzi wa 2022 baadhi ya wabunge huru walikubali kushirikiana na Kenya Kwanza, muungano wa Rais Ruto. Kushirikiana tu, lakini: akijiunga rasmi na chama, Kifungu cha 103 cha Katiba kinamnyang'anya kiti.

Kurasa za Hansard: Idadi pekee itakupoteza. Hoja ya nidhamu (point of order) ya sentensi moja na hotuba ya dakika kumi zote ni "amezungumza". Pakua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya kikao chenyewe. Usitafute jina peke yake, maana litajitokeza pia kwenye orodha za kura na pale wenzake wanapomtaja. Tafuta jina likifuatwa na eneobunge lake kwenye mabano, hapo ndipo anapoanza kusema. Halafu kuna mtego unaowanasa wengi: Hansard huandika kwa lugha aliyotumia msemaji, haitafsiri. Ukitafuta mada kwa Kiingereza tu, mchango wote wa Kiswahili utakupita, uhitimishe kwamba alinyamaza.

Mfuatiliaji: Na kura?

Kurasa za Hansard: Kura ya sauti haina majina, na miswada mingi hupita hivyo. Subiri zile zinazoorodhesha majina. Mswada wa Fedha wa 2024 ni mfano mzuri: ulisomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115, kisha mara ya tatu, tarehe 25 Juni, kwa 195 dhidi ya 106. Linganisha orodha hizo mbili. Aliyekuwepo ya kwanza akakosekana ya pili amekueleza mengi kuliko hotuba zake.

Karani wa Zamu: Miswada yake binafsi itafute kwenye ratiba za Jumatano asubuhi, ndio muda wa shughuli za wabunge binafsi. Ukiona mswada umekwama, usikimbilie kumwita mvivu. Soma kwanza kama unagusa pesa za umma: Kifungu cha 114 kinataka pendekezo la kamati husika, baada ya maoni ya Waziri wa Fedha, ndipo uendelee. Mbunge wa chama ana viongozi wa kumsukumia jambo hilo. Huru hubisha hodi mwenyewe, kwa hiyo angalia barua na ripoti za kamati kabla ya kumpa alama.