MREJESHO: Jarida la wafugaji sasa linafunguliwa

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini jarida langu la barua pepe la wafugaji wa kuku halifunguliwi. Mlioniambia nitaje jambo lenyewe kwenye kichwa cha barua, asanteni sana. “Jarida letu, Toleo la Juni” limekuwa “Vifaranga wanarundikana usiku? Wanasikia baridi”, na majibu yanamiminika. Salamu za mwanzo nimefuta, maana simu nyingi huonyesha maneno ya kwanza chini ya kichwa. “Ndugu msomaji mpendwa” ilikula nafasi yote. Ule ushauri wa kuandika “HUTAAMINI!” kwenye kichwa nimeukataa. Mfugaji ukimzingua mara moja, basi tena. Idadi ya waliofungua siitegemei: huhesabiwa kwa picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua inapopakuliwa, na tangu 2021 programu ya barua ya Apple, kwa walioiruhusu, hupakua picha hata barua isiposomwa. Nahesabu wanaojibu.