Peugeot 404 ya marehemu babu: tuipige rangi upya kabla ya mnada, au tuiache ilivyo?

Mjukuu wa Shela (Malindi)

Assalam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu rangi ya gari la marehemu babu, Peugeot 404 ya mwaka 1966, ambalo alilinunua likiwa jipya na kuliendesha mpaka macho yalipomkataza. Kwa zaidi ya miaka ishirini limelala chini ya banda la makuti hapa Shela, na bahari haiko mbali. Familia imekubaliana kuliuza, na dalali anayepeleka magari ya zamani kwenye minada ya wakusanyaji huko Ulaya ametaka picha pamoja na maelezo ya hali ya rangi kabla hajaamua kulipokea.

Rangi yenyewe ni ya maziwa. Boneti na paa zimechujuka, na ukipitisha kidole kinatoka na unga wa rangi ile ile. Milango minne na buti bado zina mng'ao chini ya vumbi. Madigadi ya mbele ya kushoto yalipigwa rangi miaka ya tisini baada ya kugongwa na mkokoteni, na sasa yamegeuka manjano kuliko sehemu nyingine. Chini ya milango, upande unaoelekea baharini, kuna malengelenge madogo madogo.

Fundi mmoja ameniambia kwamba katika wiki mbili atalipiga msasa lote na kulipuliza rangi ya kisasa yenye vanishi juu, ling'ae kama kioo. Binamu zangu wameshaanza kuchanga fedha. Mimi moyo unasita, kwa sababu kwenye mlango wa dereva pana alama iliyosuguliwa na mkono wa babu kwa miaka yote ile, na sijui kama mnunuzi ataiona kuwa ni ila au ni thamani.

Msafiri wa Mkomani

Mjukuu, Mungu amrehemu babu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, ila kwa sasa ninaishi Ufaransa, na minada hii huihudhuria kila ninapopata nafasi. Nakuomba sana usiruhusu msasa uguse ile milango minne na buti. Rangi ya kiwandani ikishaondolewa hairudi, awe fundi ni nani.

Februari 2015, mjini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza magari ya ukoo wa Baillon, ambayo yalikuwa yamekaa miongo kadhaa mabandani bila kuguswa. Mojawapo lilikuwa Ferrari 250 GT California Spider, lililokutwa limefunikwa na marundo ya magazeti. Halikuoshwa wala kupigwa rangi. Lilionyeshwa na vumbi lake, na likanunuliwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Peugeot haitafika huko, wala simwambii mtu aitarajie bei hiyo, lakini sababu iliyowafanya wenye mnada waache vumbi lile mahali pake inakuhusu na wewe.

Rangi ni ushahidi. Mtu akiiona rangi ya 1966 ikiwa bado mahali pake, anajua kwamba bati lililo chini halijawahi kukunjwa wala kujazwa filla, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati. Akiona rangi ya mwezi uliopita, hata iwe nzuri namna gani, hajui imeficha nini, na hofu hiyo ataitoa kwenye bei. Kabla ya siku ya mnada, watu hupewa nafasi ya kuyakagua magari, na wengi huja na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya maikroni 80 na 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Ikipita 200 huanza kuuliza maswali, na pakisoma mamia kwa mamia hujua kuwa hapo pana filla. Hupapasa mipira ya madirisha kutafuta chembe za rangi iliyorushwa, na huangalia vichwa vya skrubu za bawaba kama vimewahi kufunguliwa. Wanafanya hivyo kwa sababu nyundo ya dalali ikishagonga, gari ni lako na ila zake zote.

Halafu usisahau kwamba 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena mfululizo 1966, 1967 na 1968. Gari la mwaka 1966 ambalo limeishi Afrika Mashariki maisha yake yote, mikononi mwa mtu mmoja, wapo watakaolitaka kwa historia hiyo hiyo.

Fundi wa Maweni

Nakubaliana na kaka wa Mkomani kuhusu milango. Lakini banda kavu la Ufaransa si banda la makuti la Shela, na nachelea shauri la kuacha kila kitu kama kilivyo likamfanya mjukuu apoteze gari zima.

Hayo malengelenge ndiyo yanayonitia wasiwasi, si boneti. Chumvi ikiwa chini ya rangi huvuta unyevu, na rangi hupitisha unyevu kidogo kidogo hata kama kwa macho haina ufa. Maji yakikusanyika pale chini, rangi huinuka na bati huanza kuliwa. Ndiyo sababu nimeshangazwa na hizo wiki mbili. Ukipiga msasa bati lenye chumvi na kulipulizia rangi bila kulisuuza kwanza na kulikausha sawasawa, umeifungia chumvi ndani, na gari litang'aa kwenye picha kisha malengelenge yatatoka mikononi mwa mnunuzi. Hapo sifa inayoharibika ni ya kwenu. Kwa hiyo sehemu za chini ya milango zifunguliwe pale penye kutu tu, zisafishwe hadi bati safi, zipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, na kila hatua ipigwe picha ili dalali aione.

Kabla ya hayo, osheni gari kwa maji matamu. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi, na nimeona watu wakiyatumia kuondoa chumvi, jambo ambalo haliwezekani. Wakati wa masika kingeni maji ya mvua, mumwagie na chini kwenye matope yaliyoganda ndani ya madigadi, kwani chumvi nyingi imejificha humo. Vumbi lililokauka msilipanguse likiwa kavu hata kidogo. Mchanga wetu hukwaruza.

Boneti na paa zimechomwa na jua: kile kinachoshikilia chembe za rangi kimekufa, zimebaki chembe peke yake, ndizo unazoziona kidoleni. Chini ya unga huo mara nyingi bado kuna rangi nzima. Jaribu mahali padogo pasipoonekana, kwa kitambaa cha maikrofaiba na polishi laini isiyo na silikoni. Kitambaa kikigeuka rangi ya maziwa, maana yake rangi haina vanishi juu, na kila unachosugua ni rangi yenyewe inayokwisha. Tumia mkono, usitumie mashine, na kaa mbali na kingo za boneti, kwa sababu pale rangi ni nyembamba kuliko popote. Thina usiiweke karibu kabisa. Ukishapata mng'ao wa kiasi, acha hapo, upake nta.

Bi Kizingo (Mombasa)

Sikiliza fundi kuhusu mashine, mwanangu. Volkswagen ya mume wangu tuliipeleka kung'arishwa siku tatu kabla ya mnada, ikarudi inawaka. Hatukuambiwa kwamba mikwaruzo ya mashine ilikuwa imezibwa kwa mafuta ya kujazia. Mnunuzi wa kwanza aliyekuja kukagua alipangusa boneti kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na miduara yote ikajitokeza juani mbele ya watu. Tangu hapo hakuna aliyetuamini hata tulipoeleza mambo ya kweli kuhusu injini. Andikeni ila zote ninyi wenyewe kabla hamjaulizwa.

Mjukuu wa Shela (Malindi)

Ahsanteni sana. Nimeazima kipimo: milango inasoma kati ya 95 na 120, buti 110, na madigadi ya kushoto 340. Paa limeshuka hadi 70, kwa hiyo hapo sitasugua, nitaliosha na kulipaka nta tu. Boneti nimejaribu kona moja kwa mkono, na kitambaa kikatoka na rangi ya maziwa kama fundi alivyosema. Chini yake kuna mng'ao ambao sijauona tangu nikiwa mtoto.

Binamu zangu wamekubali fedha zao ziende kwenye kutu ya chini ya milango. Madigadi tutayaacha na umanjano wake, na nitamwandikia dalali habari ya mkokoteni na kipimo chake. Picha nitazipiga asubuhi gari likiwa kavu, pamoja na picha ya karibu ya ile alama ya mlangoni.