Kutua bila elevata: liwe sharti la leseni?

Mada: Waya wa elevata (sehemu ya mkia inayoinua na kuinamisha pua) ukikatika kwenye ndege ndogo ya Cessna 172, rubani anaweza kutua kwa trimu (gurudumu dogo la kusawazisha pua) na throtoli (kidhibiti cha nguvu ya injini). Je, kila mwanafunzi alazimike kulifanya zoezi hili kabla ya leseni ya rubani binafsi?

MKUFUNZI: Alazimike. Utaratibu umo kwenye kitabu cha ndege: flapu (vibamba vya nyuma ya mabawa vya kurukia polepole) digrii 20, kasi noti (maili za baharini kwa saa) 60 hadi 65 kutegemea modeli, trimu mpaka ndege itulie. Baada ya hapo trimu haiguswi, unashuka kwa throtoli tu. Balaa liko mwishoni. Ukipunguza nguvu karibu na ardhi pua inainama, gurudumu la mbele linatangulia. Hapo ndipo unazungusha trimu yote pua juu huku umebakiza nguvu kidogo, na throtoli unaifunga magurudumu yakigusa.

FUNDI: Mkuu, hiyo ni ya waya uliokatika. Elevata iliyokwama je? Ikiwa huru, kibamba cha trimu, kilicho ukingoni mwa elevata, kikishuka kinaisukuma ipande, pua inainuka. Ikikwama, kibamba kinageuka elevata ndogo: kikishuka, mkia unanyanyuka, pua inainama. Trimu inafanya kazi kinyume! Aliyekariri zoezi moja ataizungushia kaburini.

MKUFUNZI: Kweli kabisa, basi zifundishwe zote mbili. Ukiwa bado juu, zungusha trimu kidogo tu uone pua inaelekea wapi.

MKAGUZI: Juu sawa. Kutua kabisa, napinga. Pua ya 172 ikipigwa chini, bamba linalotenga injini na chumba cha rubani hujikunja, na hiyo si gharama ndogo. Zikibaki futi 200 kufika chini, mwalimu achukue ndege.

FUNDI: Na mnasahau hangari. Oktoba 2002 huko Texas, ndege ndogo ya SR22 iliyotoka matengenezo ilichomoka bawaba ya eleroni (kibamba cha bawa cha kuinamishia ndege upande) ya kushoto angani. Rubani alipona kwa parachuti ya ndege nzima, trimu isingemfaa kitu. Kabla ya kuruka, shika yoki (usukani wa ndege) vidole gumba vikiwa wima, igeuze: gumba lielekee eleroni iliyopanda. Wengi wanapima ulaini tu, bawa hawaliangalii.

MKUFUNZI: Waya unaosagika kwenye kapi hauonekani kwa kugeuza yoki.

FUNDI: Hauonekani, ndiyo. Kwenye ukaguzi fungua vifuniko, pitisha kitambaa juu ya waya, hasa panapopita kapi. Uzi uliokatika utakinasa.