Zelda II: kuna mwingine humu anayeipenda kwelikweli?

MzeeWaKatriji

Wakuu habari zenu. Naomba tuiongelee gemu moja ambayo kila mjadala wa Zelda ukianza naona watu wanairuka kana kwamba haikuwahi kutengenezwa, nayo ni Zelda II: The Adventure of Link, gemu ya Nintendo ya 1987 ambayo unamchezesha shujaa Link. Mtu anakupangia orodha yake, anaisifia ile ya kwanza ya 1986, halafu huyo mpaka A Link to the Past ya 1991, hapo katikati kimya. Ukimuuliza anakwambia ile siyo Zelda, ile ngumu, ile unamwona Link kwa ubavu, basi mjadala umefungwa.

Mi naipenda sana, na siipendi kwa kuihurumia wala kwa sababu ni ya zamani. Naipenda kwa ajili ya upanga. Kwenye ile ya kwanza unamwangalia Link kutoka juu, upanga unatoka mbele, adui akiguswa basi. Huku kwenye ya pili ukikutana na adui skrini inabadilika, unamwona Link kwa ubavu, na ngao yake inakinga sehemu ya juu akiwa amesimama na ya chini akichuchumaa, upanga nao vilevile, kwahiyo kila sekunde unaamua juu au chini, juu au chini, na yule wa mbele yako naye anaamua hivyohivyo.

Aliyewahi kukutana na Ironknuckle ndani ya kasri ananielewa. Yule askari wa mavazi ya chuma hasimami anasubiri umchape, ngao yake inakufuata, ukipiga juu ameshainua, ukichuchumaa ameshaishusha, na yeye anakurudishia upanga wakati huohuo. Huwezi kumshinda kwa kubonyezabonyeza, lazima umdanganye, uruke halafu umpige wakati unashuka, au umfanye ashushe ngao ndipo umchape kichwani. Mwaka 1987 hiyo! Na ukishamzoea yule wa rangi ya chungwa wanakuletea mwekundu, halafu wa bluu ambaye anarusha mapanga kutoka mbali, unaanza kujifunza upya.

Swali langu sasa. Kuna mwenzangu humu anayeipenda gemu hii kwa jinsi ilivyo, yaani anayeirudia kwa raha yake na siyo kwa kutaka tu kumaliza mfululizo mzima? Na kama huipendi niambie ni nini hasa kinachokukera, maana "siyo Zelda" kwangu siyo jibu.

Binti_Upanga

Nipo mkuu, na nimefurahi kuuona uzi huu maana nilidhani niko peke yangu.

Kwangu mi gemu inafunguka pale mji wa Mido. Unatumia uchawi wa Jump unaruka unaingia kwenye ule mlango wa juu, unamkuta yule mpiganaji anakufundisha pigo la kushuka chini, ukiwa hewani unabonyeza chini na upanga unaelekea chini ya miguu. Kuanzia hapo Link ni mtu mwingine kabisa! Wale maadui uliokuwa unawakwepa sasa unawarukia kichwani mmoja baada ya mwingine bila kugusa ardhi, na mapango uliyokuwa unayapita kwa hofu unayapita kwa mdundo. Baadaye ukifika Darunia unajifunza na lile la kupiga juu. Sijui gemu nyingi za wakati ule ambazo zinakupa kitu kama hicho halafu usijisikie umepewa silaha, ujisikie umejifunza wewe mwenyewe. Ukicheza Shovel Knight ya 2014 ukaona anavyoruka juu ya maadui kwa sepetu, pigo lile linatoka kwenye familia hii.

Halafu watu wanaosema siyo Zelda wanaonyesha hawajaiangalia vizuri. Triforce ya Ujasiri, moja ya zile pembetatu takatifu za Zelda, imeanzia hapa. Kipimo cha nguvu za uchawi kimeanzia hapa. Link wa kivuli, yule anayetokea tena ndani ya hekalu la maji kwenye Zelda ya baadaye, Ocarina of Time, ni bosi wa mwisho wa gemu hii. Majina ya miji yake ni Rauru, Ruto, Saria, Mido, Nabooru, Darunia, sasa chukua Ocarina ya 1998 uangalie wale wahenga wanaitwa nani na yule mtoto mkorofi wa msituni anaitwa nani. Nusu ya vitu mnavyovipenda kule vimechukuliwa jina au wazo kutoka kwenye gemu mnayoiruka.

Na muziki wa makasri jamani. Akito Nakatsuka ndiye aliyeutunga, siyo Koji Kondo, mtunzi wa muziki wa Zelda ya kwanza, kama wengi wanavyodhani, na wengi wenu mnaujua bila kujua kwamba mnaujua kwasababu ndio ule unaopigwa kwenye uwanja wa Temple ndani ya gemu ya mapigano ya Super Smash Bros. Melee.

ramani_ya_kale

Mi nitakuwa upande wa pili ila kwa heshima. Mapigano nakubaliana na nyie asilimia zote, ni mazuri sana. Kinachoniudhi ni kila kitu kinachozunguka hayo mapigano.

Kwanza hilo suala la maisha matatu. Umehangaika umevuka bahari umefika upande wa mashariki, uko ndani ya kasri la tano, ukimaliza maisha unarudishwa mpaka kule mwanzo kabisa kwenye kasri alilolala Zelda, na pointi zote za uzoefu ulizokuwa unazikusanya zimefutwa. Leveli zinabaki sawa, ila ile safari ya kurudi uliko kufa ni adhabu, siyo changamoto. Changamoto ni Ironknuckle. Kutembea upya njia uliyoijua tayari siyo changamoto.

Pili, vidokezo. Kuna mtu ndani ya nyumba mji wa Ruto anakwambia tu anaitwa Error, basi, hana la zaidi, mpaka uende mji mwingine mtu akwambie kamuulize Error ndipo naye aseme kitu cha maana. Sawa hilo naweza kulivumilia. Lakini mji mpya wa Kasuto umefichwa chini ya msitu na inabidi uwe unakata miti kwa nyundo mpaka uupate, na lile kasri la sita unatakiwa kusimama katikati ya mawe matatu upige filimbi ndipo litokee. Mtu atajuaje? Wengi waliacha hapo na siwezi kuwalaumu. Na Death Mountain mnaijua, gemu inakuingiza kwenye lile rundo la mapango mapema mno wakati bado leveli zako ziko chini, unapigwa mashoka na wale mamba kila kona.

Kwahiyo siyo kwamba haipendwi kwasababu ya kumwona Link kwa ubavu. Haipendwi kwasababu haimheshimu muda wa mchezaji.

MzeeWaKatriji

@ramani_ya_kale asante mkuu hapo umesema kitu chenye uzito na sikupingi kwenye mji wa Kasuto, pale hata mi naona walipitiliza.

Ila kwenye kurudishwa mwanzo nina neno. Ile njia ya kurudi siyo ileile kila mara. Mara ya kwanza unapita Death Mountain kwa kujivuta, baadaye una pigo la kushuka, una leveli ya juu ya shambulizi, na ukishapata nyundo unavunja mawe unakata njia fupi. Na ukitembea juu ya barabara badala ya nyasi, vile vivuli vya maadui vikikugusa unaingia sehemu tupu isiyo na adui unapita zako, kwahiyo kumbe ramani yenyewe ni sehemu ya akili ya gemu. Hapo ndipo unapima umekua kiasi gani. Ukiitoa kabisa ile safari ya kurudi nadhani gemu inapungukiwa kitu, ingawa nakubali ingetosha kumrudisha mtu mji wa mwisho aliopita. Na wenyewe walilijua hilo maana kwenye Great Palace, lile kasri la mwisho, wameweka uanzie palepale mlangoni.

Na tukumbuke toleo la kwanza la Japani la kwenye diski lilikuwa kali zaidi, kule ukimaliza maisha leveli zako zote tatu zinashushwa zilingane na ile iliyo chini kuliko zote. Waliporekebisha kwa ajili ya katriji wakaliondoa.

fundi_pikseli

Nichangie upande wa historia kidogo maana naona watu wanaihukumu gemu hii kwa sheria ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa.

Zelda ya kwanza ilitoka Japani Februari 1986, ya pili Januari 1987. Hata mwaka haukuisha. Wakati ule hakukuwa na kitu kinachoitwa "mtindo wa Zelda", kulikuwa na gemu moja tu! Shigeru Miyamoto, muundaji wa Zelda, alitaka gemu ya upanga na ngao ya kushambulia na kujikinga juu na chini, kazi ya kuiongoza wakapewa Tadashi Sugiyama na Yasuhisa Yamamura, wala hawakuwa wanavunja mila yoyote. Mila ilikuja baadaye, A Link to the Past iliporudi kwenye mtazamo wa juu na ikapendwa kupita maelezo, hapo ndipo ile ya pili ikaanza kuonekana kama mtoto wa kambo. Wakati inatoka ilinunuliwa sana tu, nakala zaidi ya milioni 4.

Na siyo peke yake. Miaka ileile angalia Castlevania II: Simon's Quest ya 1987, badala ya kupanda ngome hatua kwa hatua wakakupa nchi nzima ya kuzunguka, usiku na mchana vinabadilishana, unatafuta viungo vya mwili wa Dracula. Angalia Final Fantasy II ya 1988, wakautupilia mbali mfumo mzima wa leveli, ukitumia upanga unakuwa hodari wa upanga, ukipigwa sana uhai unaongezeka. Angalia Super Mario Bros. 2 ile waliyopewa Wamarekani 1988, chini yake ilikuwa gemu nyingine kabisa ya Doki Doki Panic, unang'oa mboga unazirusha. Zote nne zinatajwa kama matoleo yaliyopotea njia, na zote nne zimeacha kitu ambacho hakijaondoka mpaka leo. Birdo na Shy Guy wametoka kwenye Mario ile, Chocobo na Cid wa kwanza wametoka kwenye Final Fantasy ile.

Mi ndio kipindi ninachokipenda kuliko vyote, maana toleo la pili lilikuwa linauliza "gemu hii inaweza kuwa nini kingine". Siku hizi toleo la pili ni ramani kubwa zaidi na silaha nyingi zaidi, ukweli unaujua kabla hujawasha.

Njiwa77

Jamani mmenitia hamu. Mi nimecheza zile za karibuni tu, hii sijawahi kuigusa. Nikitaka kuianza leo nifanyeje nisikate tamaa? Na ni vibaya nikitumia ile ya Switch ambayo unaweza kurudisha nyuma?

Binti_Upanga

@Njiwa77 karibu sana ndugu yangu. Kurudisha nyuma siyo vibaya hata kidogo, ila nakuomba usiitumie ukiwa unapigana na Ironknuckle wa mwanzo, kwasababu yule ndiye mwalimu wako na ukimkwepa hutaelewa sisi tunaongelea nini humu. Kwenye mashimo ya maji na lava tumia utakavyo, pale popo akikugusa tu umeanguka umepoteza maisha na hakuna somo lolote.

Leveli mwanzo inakudai pointi 50 za uhai, 100 za uchawi, 200 za shambulizi. Gemu inakupa nafasi ya kukataa ile ya bei ndogo ili usubiri kubwa. Wewe subiri, kimbilia shambulizi mapema, maana adui anayekufa kwa mapigo machache hana muda wa kukuumiza. Halafu ukimaliza kasri na kuweka kito kwenye sanamu, pointi zinajazwa zenyewe mpaka leveli inayofuata, kwahiyo usiweke kito wakati umebakiza pointi chache, ua maadui wachache kwanza upande leveli, ndipo ukaweke, unapata mbili kwa mpigo.

Wale wanasesere wa Link wanaokupa maisha ya ziada hawarudi tena ukishawachukua. Kumbuka walipo, usiwaguse. Utawataka siku ya Great Palace.

ramani_ya_kale

Hapo kwenye wanasesere namuunga mkono dada kabisa. Na mimi niongeze @Njiwa77, ukikwama kutafuta njia zaidi ya jioni moja fungua ramani uangalie, gemu yenyewe hiyo ilikuja na kitabu chake, haikutegemea uvumbue kila kitu kwa macho tu. Zungumza na kila mtu kwenye kila mji, kina mama wengine wanakukaribisha ndani unatoka umejazwa uhai, wengine wanakujazia uchawi. Na kabla hujaenda Great Palace hakikisha umejifunza uchawi wa Thunder kwenye ule mji wa Kasuto uliohamwa, ambao maadui wake hawaonekani mpaka upate msalaba, maana bila Thunder yule bosi Thunderbird hata umpige usiku kucha hapungui kitu.

MzeeWaKatriji

Na ukimfikia yule Link wa kivuli utasikia watu wanakwambia jibane kona ya kushoto uchuchumae uwe unachoma tu upanga. Inafanya kazi kweli. Ila jaribu kwanza kumkabili katikati ya chumba, ana kila kitu ulichonacho, anaruka unavyoruka na kukinga unavyokinga, mi naona ndio pambano bora la bosi katika gemu zote za NES, ile mashine ya zamani ya Nintendo. Ukifika kasri la kwanza rudi humu utuambie imekuwaje.