Programu ya darizi ya Windows kwenye Linux Mint: inafunguka ila mashine haionekani

FundiNembo:
Wakuu, habari za kazi. Nadarizi nembo za sweta za shule. Mashine yangu ni ya zamani, inapokea michoro kwa kebo ya siriali kupitia adapta ya USB. Kompyuta niliihamishia Linux Mint (mfumo endeshi mwingine) baada ya Windows mpya kuilemea. Programu ya michoro ni ya enzi za Windows XP. Kwa Wine, ile inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, inafunguka vizuri tu, ila nikibonyeza kutuma inasema hakuna mashine. Inanipa COM1 hadi COM4 (majina ya poti za siriali kwenye Windows), zote nimejaribu. Januari shule zinafunguliwa na sweta zimejaa mezani. Naombeni msaada.

Kibodi:
Pole na kazi, fundi. Kama inafunguka na kuchora, pagumu umeshapita. Wine haiigizi kompyuta nyingine. Programu ikiomba kitu kwa Windows, Wine inaligeuza ombi hilo kuwa la Linux papo hapo, ndiyo maana hata mashine dhaifu inaiweza. Mradi ulianza 1993, toleo la 1.0 likatoka 2008. Miaka 15! Nawaheshimu sana wale watu.

Tatizo lako ni namba. Wine hutenga COM1 hadi COM32 kwa poti za siriali za kompyuta yenyewe, ambazo Linux huziita ttyS0 na kuendelea, hata kama huna tundu hata moja. Adapta ya USB huanzia COM33. Programu yako inaishia COM4, haiwezi kuifikia. Hakikisha kwenye terminal kwa `ls -l ~/.wine/dosdevices`.

Kisha `wine regedit` (inafungua rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Wine), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine, tengeneza ufunguo uitwao Ports. Ndani yake weka thamani ya maandishi: jina COM1, data /dev/ttyUSB0 (ndilo jina la adapta yako kwenye Linux). Funga, andika `wineserver -k`, ufungue programu upya.

FundiNembo:
Kweli, com33 ndiyo ilikuwa ttyUSB0. Nimebadilisha, sasa inasema sina ruhusa.

Kibodi:
`sudo usermod -aG dialout $USER` (inakuingiza kwenye kundi lenye ruhusa ya poti za siriali), halafu toka kwenye akaunti uingie tena. Tafadhali usiendeshe Wine kwa sudo hata ukishauriwa. Mafaili yatageuka mali ya root (msimamizi mkuu wa kompyuta) na kesho Wine itakukatalia.

UziMwekundu:
Kwa wengine watakaopita hapa: kama programu yako inadai kile kifaa cha leseni cha kuchomeka USB, mara nyingi Wine itagoma. Dereva yake inataka kiini cha Windows, na Wine haina. Hapo ni VirtualBox, inayoendesha Windows nzima ndani ya Linux, na RAM ya kutosha.

FundiNembo:
Imepokea! Nembo ya kwanza iko kwenye fremu sasa hivi. Asante sana mkuu. Nikichomoa adapta, nitaanza upya?

Kibodi:
Hapana. Ila funga programu kwanza ndipo uchomoe. Ukichomoa ikiwa inatumika, inaweza kurudi kama ttyUSB1. Ukija kuongeza adapta ya pili, andika njia iliyo ndani ya /dev/serial/by-id/ badala ya ttyUSB0. Hiyo hufuata kifaa chenyewe.